Kutembea si Kuzurura

Twaomba nafasi katika jarida letu tuseme neno juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni maneno ya Kiingereza yatumikayo kwa mtu aendaye huku na huko. Twajua kwamba baadhi ya wenzetu wameufungua ukurasa huu wakitumaini kuona habari za mishahara, au za nyumba, au za posho ya uhamisho ambayo humfikia mtu akiwa amekwisha kuhamishwa mara ya pili. Habari hizo zina waandishi wake hodari. Sisi twataka kusema habari za kalamu yenyewe, kwa kuwa kalamu ndiyo iliyotupa kazi, na kwa kalamu hiyo twaweza kumlaza mtu ndani pasipo kumgusa hata kwa kidole.

Na kwa kuwa si adabu kuanza na makosa ya wengine, tutaanza na la kwetu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa karani katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, maana waliokuwamo wangali hai na baadhi yao ni rafiki zetu. Asubuhi moja aliletwa mbele ya meza yetu mzee mmoja, amevaa kanzu iliyofuliwa vizuri na kofia, mkononi ana kifurushi cha dagaa na kipande cha kitenge kipya. Alikuwa ameshuka katika boti kule Kibirizi siku iliyotangulia, akitoka vijiji vya kusini mwa ziwa. Usiku ule alikutwa akipita mara tatu katika mtaa mmoja, akitazama milango ya watu. Fomu ilitaka habari zake ziandikwe kwa Kiingereza. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, mwanangu. Tukamwuliza amekuja kufanya nini mjini. Akajibu, "Nimekuja kutembea." Tukamwuliza, na jana usiku katika mtaa ule alikuwa akifanya nini. Akainamisha uso kidogo akasema, "Natembea tu, mwanangu. Nimekuja kutembea."

Basi tukaandika "wandering about", na katika nafasi ya kusudi la safari tukaandika "nil", neno ambalo sisi makarani twalipenda sana kwa ufupi wake. Karatasi ikaenda kwa mkubwa aliyekaa jengo jingine. Yeye hakumwona mzee, wala kanzu yake, wala kitenge. Aliona maneno yetu matatu, akatia sahihi. Yule mzee akalala ndani usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.

Siku ya nne alikuja mwanamke kijana, mtoto mchanga mgongoni, anauliza kama hapo pameletwa baba yake. Ndipo tulipojua habari kamili. Binti alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na baba amekuja kumwona mjukuu. Alikuwa ameelekezwa nyumba yenye mwembe mbele, kana kwamba Ujiji kuna mtaa usiokuwa na mwembe. Jua likatua hajaipata, naye aliona haya kumwambia kijana wa kumzaa kwamba amepotea. Hakuna Mswahili wa pwani wala wa bara asiyejua maana ya mtu kusema "nimekuja kutembea". Maana yake ni kwamba nimekuja kuwajulia hali, nina watu wangu hapa, niandalieni mkeka. Neno la Kiingereza lililotakiwa ni "visiting". Tulilijua tangu darasa la tano. Mkono ulioandika jingine ulikuwa wetu, wala hatuwezi kumsingizia mtu.

Tulimwomba radhi. Alisema, "Si neno, mwanangu. Nimekwisha tembea." Hata leo hatujui kama alikuwa akitusamehe au akitucheka.

Tangu siku ile tumekuwa tukiyachunguza maneno haya. Kiingereza ni tajiri katika jambo hili, labda kupita kiasi. Kina "wander", "roam", "rove", "ramble", "stroll", "saunter", "stray", "loiter" na "tramp", na hayo ni ya miguu tu. Hatujagusa "travel", "tour", "journey" wala "voyage". Mwalimu wetu wa shule ya misheni alituandikia orodha kama hiyo ubaoni, akatuambia tuyakariri kuwa ni maneno ya maana moja. Tuliyakariri, tukafaulu mtihani. Kumbe maana si moja hata kidogo. Maneno hayo yamepangwa kwa madaraja kama tulivyopangwa sisi watumishi, na kinachompa mtu daraja la juu au la chini ni mfuko wake.

Atokaye nyumbani kwake baada ya chakula cha jioni kunyosha miguu, huyo yuko katika "stroll". Aendaye mashambani siku ya mapumziko, ana viatu imara na mkate katika mkoba, huyo yuko katika "ramble", na Uingereza watu wa namna hiyo wana vyama vyao. Mtu huyohuyo akikosa nyumba ya kurudia, barabara ni ileile na mvua ni ileile, jina lake huwa "tramp". Akisimama mahali ambapo wengine waona hapamfai, huitwa mwenye "loitering". "Stray" ni la mbwa, na la kondoo, na katika vitabu vya kanisa ni la roho. Lakini mwenye fedha akizunguka nchi tano kwa mwezi mmoja pasipo kazi yoyote, hilo ni "tour", na kila mlango hufunguliwa mbele yake.

Wajuzi wa asili za maneno wasema kwamba "travel" latoka katika neno la Kifaransa la kazi na taabu, na nyuma yake liko neno la Kilatini la chombo cha miti mitatu cha kutesea watu. "Journey" lilikuwa kipimo cha siku moja. "Voyage" latoka katika neno la Kilatini la masurufu, yaani chakula na fedha za njiani. Kwa hiyo Mwingereza wa zamani alipotaja safari alikumbuka mateso, siku na chakula, mambo matatu ambayo pagazi yeyote angeyakubali kuwa ndiyo safari yenyewe. Tena "planet", yaani sayari, latoka katika neno la Kiyunani la kutangatanga, na hata hilo neno letu "sayari", ambalo asili yake ni Kiarabu, latokana na kwenda. Wayunani na Waarabu wote wawili walitazama juu wakaona nyota zitembeazo, wala hapakuwa na mtu aliyezishitaki.

Tusidhani kwamba Waingereza wamewatendea hivi wageni tu. Sheria yao ya mwaka 1824 juu ya watu wasio na makao iliwahukumu maskini wao wenyewe. Ilitungwa kipindi kilichofuata vita vya Napoleon, ambapo askari wengi walikuwa wamerudi nyumbani wasipate kazi, wakalala katika mabanda na kuomba njiani. Humo neno "wandering" limekuwa sehemu ya kosa. Na mwezi wa Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi walipanda mlima uitwao Kinder Scout, mahali palipofungwa kwa ajili ya mawindo ya wenye ardhi. Wao walijiita "ramblers", wenye ardhi wakawaita "trespassers", na watano kati yao wakatiwa gerezani. Watu walikuwa walewale na mlima uleule, ila majina mawili.

Sasa turudi Ujiji, kwa kuwa sisi tuliokaa mji huu twaweza kuyaona maneno haya kwa macho.

Burton na Speke walifika hapa Februari 1858. Livingstone alifika mara ya kwanza mwaka 1869, na mwishoni mwa 1871 Stanley akamkuta papa hapa, mahali ambapo leo pana jiwe la ukumbusho na nyumba ya makumbusho. Vitabu vyao vyawaita "travellers" na "explorers". Sisi Kiswahili cha shule chawaita wapelelezi, neno ambalo polisi nao walitumia, na tumewahi kumwona mtalii mmoja akistaajabu alipofafanuliwa maana yake.

Twasema kwa heshima, maana Livingstone alichukia biashara ya watumwa na aliandika aliyoyaona Nyangwe Julai 1871: lakini fikirini, ndugu wasomaji, hali aliyokuwa nayo aliporudi Ujiji mwaka ule. Alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nile, na mto alioufuata, Lualaba, ni wa Kongo. Vitu alivyoletewa vilikuwa vimekwisha kuuzwa na aliyekabidhiwa. Alikuwa mgonjwa, hana fedha, anaishi kwa hisani ya wenyeji na ya wafanyabiashara Waarabu. Sheria ile ya nchi yake ya mwaka 1824 ilimtaka mtu awe na njia ya riziki inayoonekana, tena aweze kujieleza vizuri. Kama angalikutwa katika hali hiyo katika barabara ya Kiingereza, pasipo jina lake kujulikana, karani mwenzetu wa kule angaliandika nini katika fomu? Ujiji haikuandika kitu. Ilimwita mgeni, ikampa mahali pa kulala.

Na jina la Mzungu, wengi husema limetoka katika kuzunguka, maana babu zetu waliona watu wasiotulia. Ikiwa ni hivyo, basi tuliwapa jina la kutangatanga kabla wao hawajatupa sisi. Lakini tazameni tofauti. Jina letu halikumzuia Mzungu hata mmoja asipite.

Je, wale waliotembea pamoja nao waliitwaje? Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa kijana akapelekwa hata India, alirudi Afrika akaandamana na Burton na Speke mpaka ziwa hili. Tena akaenda na Speke na Grant mpaka Nile, tena na Stanley mpaka Ujiji, tena na Cameron kutoka pwani ya mashariki hata pwani ya magharibi, walikofika mwaka 1875. Si rahisi kumtaja mtu wa zama zile aliyeyakanyaga mabara haya kuliko yeye. Mwaka 1876 chama cha jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, nasi twalishukuru jambo hilo. Hata hivyo katika vitabu yeye ni "guide", ni "servant", ni "faithful". Kwa miaka mingi neno "explorer" halikumfikia, ijapokuwa miguu yake ilitangulia.

Hali kadhalika Susi, ambaye ndiye aliyetoka mbio kumsalimu Stanley kwa Kiingereza siku ile, kabla Livingstone hajaonekana. Bwana wao alipofariki kwa Chitambo Mei 1873, yeye na Chuma na wenzao waliukausha mwili, wakauchukua kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Maiti akazikwa London, Westminster Abbey, mwezi wa Aprili. Kazi ile ilihitaji kujua njia, na wafalme, na maji, na namna ya kuificha maiti kwa watu wenye kuiogopa. Ikiwa huo si "expedition", basi hatukufundishwa Kiingereza sawasawa.

Na hao wana majina. Pagazi wa kawaida aliyebeba frasila mbili, yaani kilo zaidi ya 30, kutoka pwani mpaka Ujiji, na kurudi na pembe, yeye hana hata jina. Leo reli ya Kigoma, iliyofika hapa mwaka 1914, ina kilometa 1,252 kutoka Dar es Salaam. Wao walikwenda mwendo huo kwa miguu, miezi na miezi. Wengi wetu katika mji huu tu wajukuu wa watu hao, Wamanyema na wengineo waliovuka ziwa au kupanda kutoka pwani. Wengine walikuja kwa hiari, na wengine walifungwa kamba. Mji wetu ulijengwa na watembeao.

Hapo ndipo tunapofika katika jambo linalotuuma. Waingereza waliokuja kutawala nchi hii walichukua maneno mengi ya Kiswahili, lakini katika habari ya kutembea walichukua hasa mawili. La kwanza ni "safari". Burton ameliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860, akimaanisha msafara wa wapagazi na mizigo yao. Hapo lilikuwa neno la jasho. Miaka hamsini baadaye, Theodore Roosevelt alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909 kuwinda, likawa neno la bunduki na mahema. Kisha likawa neno la mtawala akizunguka wilaya yake, na mwisho neno la mtu aliyelipa fedha kutazama wanyama. Mgeni akishuka Kigoma kwenda Gombe au Mahale kuona sokwe, yuko "on safari". Mama aliyeketi karibu naye, aendaye Kasulu kuzika dada yake, kwa Kiingereza hicho hayuko "on safari", ijapokuwa neno ni lake tangu kuzaliwa.

La pili ni "wahuni". Zamani mhuni aliweza kuwa mtu asiye na mke tu, au asiye na kwao. Watawala wa Dar es Salaam walilitia katika barua zao za Kiingereza, pasipo kulifasiri, kuwa jina la vijana Waafrika walioingia mjini kutafuta kazi na wasiipate. Kulikuwa na sheria ya watu fukara ya mwaka 1923, na mwaka 1944 ikatungwa nyingine ya kuwaondoa mjini watu wasiotakiwa. Watu wakakamatwa, wakarudishwa makwao, wakarudi tena mjini. Basi katika maneno mawili waliyoyachukua kwetu, la heshima walijivika wao wenyewe, na la aibu walituachia.

Wala tusiseme kwamba wazee wetu hawakuwa na safari za kuandikwa. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na humo Selemani bin Mwenye Chande asimulia safari yake ya bara hata upande wa pili wa ziwa hili, na Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, asimulia alivyofika Urusi na Siberia. Nasi watumishi tunaye wetu, marehemu Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kule Tanga mwaka 1922. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge lao, akarudi akaandika kitabu juu ya aliyoyaona Uingereza. Karani alikwenda, akatazama, akaandika. Twalisema hili kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba kuandika safari ni kazi ya wageni.

Sasa mtu atauliza, hayo yote ni ya kale, yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu ya sheria. Kanuni ya Adhabu iliyoletwa Tanganyika mwaka 1930 iliyachukua maneno ya sheria ile ya Uingereza ya 1824 karibu kama yalivyo. Fungu la 176 likawa la watu wavivu na wakorofi, na la 177 likawa la "rogues" na "vagabonds", na humo "wandering" imo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 mafungu hayo hayakuondoka pamoja na bendera. Vituoni na mitaani yamepewa jina moja tu, uzururaji, nalo limekamata wauza karanga, na wasaka kazi, na wasichana waliochelewa kutoka kwa shangazi zao, na mzee wetu wa kitenge.

Mambo yameanza kugeuka. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilitengua sehemu ya sheria kama hiyo katika shauri la mchuuzi aliyekamatwa barabarani alfajiri akienda kuuza mifuko yake. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iketiyo Arusha kwetu, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Na mwaka 2022 Bunge la Uingereza lenyewe lilipitisha kwamba ile ya 1824 ifutwe. Itakuwa ajabu ikiwa mtoto atabaki na joho ambalo baba amelivua.

Tena mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia, na ilitupasa kushangilia. Lakini hapo ndipo kazi ya karani na mfasiri ilipokuwa nzito. Akutanapo na "vagabond" aandike nini? Akiandika mhuni, atakuwa amemhukumu mtu kabla hakimu hajaketi. Akiandika mzururaji, vilevile. Akiandika mtembezi, ametia hatiani nusu ya nchi siku ya Idi. Sisi twaona kwamba neno likikataa kufasiriwa kwa haki, huenda ubovu umo katika sheria, wala si katika Kiswahili.

Hata hivyo tusijifanye kwamba lugha yetu haina lawama. Tunayo kuranda na kurandaranda, kutangatanga, kupitapita, kuhangaika, na hilo kuzurura. Angalieni lilivyo jirani na kuzuru. Mkubwa akija kututazama, amezuru. Kijana akipita mahali palepale saa ileile, amezurura. Silabi moja tu, na mmoja hupigiwa ngoma na mwingine hupigwa. Kutalii nako lilikuwa neno la kutazama na kuchunguza, lakini siku hizi hatumwiti mtalii mtu wa Uvinza aliyekuja kutazama ziwa, hata akilitazama kutwa.

Pwani hii yetu ya ziwa imeona jambo hilo kwa namna ya huzuni pia. Mei 2015 maelfu ya Warundi walifika Kagunga, ufuko mwembamba chini ya mlima, na meli Liemba ikawaleta Kigoma kundi baada ya kundi. Kabla yao walikuwa wamekuja wengine mwaka 1972, na 1993, na Wakongo wa mwaka 1996 ambao kwa ajili yao ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu. Mama mmoja na mtoto wake aliweza kuwa mgeni kwa mvuvi aliyempa maji, mkimbizi katika daftari moja, na mhamiaji asiye na kibali katika daftari jingine, yote katika siku moja. Neno la daftari ndilo lililoamua blanketi. "Refugee" kwa Kiingereza lilianza na Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbilia Uingereza baada ya mwaka 1685, na huko walipata mahali. Sisi tulioshika daftari hatuna ruhusa ya kuandika kwa usingizi.

Watakuwako watakaosema kwamba karani huandika alichoambiwa, na kwamba maana ni juu ya mkubwa. Twalijibu hilo kwa mzee wa kitenge. Mkubwa hakusikia "nimekuja kutembea". Aliyelisikia ni sisi, na aliyelipotosha ni sisi. Pia watakuwako watakaosema kwamba wezi nao hutembea usiku. Ni kweli, na mwizi ashitakiwe kwa wizi, au kwa kuvunja mlango, au kwa kukutwa na nondo. Miguu yake tuiache.

Kwa hiyo twaleta ombi kwa wenzetu wa matawi yote. Kila mmoja na atazame fomu zilizo mezani kwake, za Kiingereza na za Kiswahili, aandike katika karatasi maneno yanayotumika kwa watu waendao na wajao, na mfano mmoja wa jinsi neno lilivyotumika, pasipo kutaja jina la mtu wala la ofisi. Karatasi hizo zipelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano wetu ujao. Tutaomba katika mkutano huo ateuliwe mtu mwenye Kiingereza kizuri na mwingine mwenye Kiswahili kizuri, na yafaa mmoja wao awe mzee, wakae pamoja wayapange, kisha tuwapelekee wafasiri wa sheria yale tuliyoyaona. Tena tunashauri kwamba penye nafasi ya kusudi la safari, karani asiandike "nil" mpaka ameuliza swali moja zaidi: Hapa una nani wako?

Sisi tumekwisha kuandika karatasi yetu. Neno la kwanza ni "wandering", na mfano wake mmekwisha kuusoma.